Likizo ya Pwani: Nani Anapanga na Nani Anakula?

Likizo za shule zikikaribia, hasa za Agosti na Desemba, bara hushuka pwani. Mabasi hujaa, treni hujaa, na magari madogo yaliyosheheni watoto na magodoro hupita Mariakani usiku kucha. Sisi wa pwani tumezoea kuyatazama magari hayo kama mkulima anavyoyatazama mawingu: yakija twafurahi, yasipokuja twalalamika, na katika yote mawili hatuna tulifanyalo. Leo nataka kusema kwamba lipo la kufanya, na tusipolifanya sisi, wengine hulifanya kwa niaba yetu.

Safari ya mgeni hupangwa kabla mgeni hajaondoka kwake. Mwenye kuipanga ndiye aamuaye mgeni alale wapi, ale kwa nani, na shilingi yake iingie mfuko upi. Mama wa Kibokoni anayeamka kabla ya alfajiri kukanda mahamri hayumo katika mipango hiyo, wala hapana aliyemuuliza neno.

Fikira hii haikunijia nikiwa baharini. Ilinijia Kitengela, nilipokwenda kumjulia hali mpwa wangu afanyaye kazi huko. Kwa wasomaji ambao hawajafika, Kitengela iko katika Kaunti ya Kajiado, kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, kando ya barabara kuu ya Namanga. Zamani ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai, na njia ya nyumbu na pundamilia watokao Mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kwenda tambarare za Athi na Kapiti. Leo ni mji wa maghorofa, maduka ya mabati na saruji, na watu wa kila kabila waliokuja kununua viwanja au kutafuta kazi katika viwanda vya Athi River. Ukiendelea na barabara hiyo wapita Isinya, kisha wafika Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti, mji uliotulia zaidi, ambamo reli ya kwenda Magadi hukatiza. Msikiti upo, hoteli ya kula chakula halali ipo, na jirani wa kukuuliza habari za nyumbani yupo.

Jioni moja majirani wa mpwa wangu walikusanyika sebuleni kwake. Wana chama chao cha kuweka akiba, wanaume kwa wanawake, na safari hii waliazimia fedha za mwaka waende wazitumie pwani pamoja na watoto. Alikuwapo dereva wa lori la saruji, mwalimu atokaye Kajiado mjini, na mama mmoja wa Kimaasai mwenye duka la dawa za mifugo. Waliposikia mimi ni mtu wa Mombasa wakanipa kiti cha mbele. "Mzee," akasema mwalimu, "sisi twataka vitu vitatu: bahari, chakula cha mtaani, na utamaduni. Ratiba tumekwisha kuandikiwa, lakini hebu itazame."

Nikaitazama. Siku ya kwanza Mombasa, ya pili Malindi, ya tatu Lamu, ya nne kurudi Mombasa, ya tano Diani, ya sita nyumbani. Chakula chote, asubuhi, mchana na usiku, ni cha hotelini. Utamaduni umeandikwa kuwa ni "ngoma baada ya chakula cha jioni". Na chakula cha mtaani kimetengewa nusu saa katika Mji wa Kale wa Mombasa, saa nane za mchana.

Saa nane za mchana! Kila aujuaye Mji wa Kale ajua mji ulivyo saa hiyo. Mahamri yamekwisha tangu saa tatu. Karai ya viazi haijawekwa motoni. Mchoma mishkaki bado yuko kwake akikata nyama na kuitia kitunguu thomu na tangawizi. Watu wameswali adhuhuri, wamekula, wamejinyoosha. Mgeni ataona milango iliyofungwa na paka walio kivulini, atapiga picha mbili za nakshi, na atarudi Kitengela akasimulie kwamba mji wetu umekufa. Naye hatakuwa amesema uongo, ataeleza alichoonyeshwa.

JIKO LINA SAA ZAKE

Niliwaambia kwamba mwenye kutaka chakula cha mtaani sharti apange siku yake kwa kulifuata jiko, maana jiko halitamfuata yeye. Asubuhi ni ya mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua, na chai ya maziwa yenye iliki. Achelewaye kuamka hukuta sinia tupu. Mchana ni wa wali na samaki, na Ijumaa baada ya swala ni biriani au pilau. Baada ya alasiri ndipo barabara zinapoamka. Karai za mafuta huchemka, hutoka viazi vilivyovikwa unga wa dengu, bhajia, kachri, na muhogo wa kukaanga au wa kuchomwa, hupasuliwa, hutiwa pilipili na kukamuliwa ndimu. Nenda saa hiyo ufukweni Mama Ngina, karibu na mnara wa taa, pahali palipotengenezwa upya na kufunguliwa 2019, uone watu wa Mombasa wenyewe na watoto wao wameketi wakila muhogo, wakinywa madafu, wakitazama meli zikiingia Kilindini. Hapo hapana kiingilio, wala anayekuuliza umetoka wapi.

Magharibi ikiadhiniwa mambo husimama kidogo. Mgeni asidhani amefukuzwa. Mwenye jiko amekwenda kuswali. Akirudi, huwashwa makaa ya mishkaki, hutolewa mkate wa sinia, mkate wa kumimina na kaimati, na baada ya isha hupita muuza kahawa na dele lake akigonganisha vikombe. Kahawa chungu huenda na kashata au kipande cha halua, na huenda na mazungumzo. Hayo mazungumzo ndiyo utamaduni walioutafuta kwenye ratiba wasiuone.

Kila mji wa mwambao una tamu yake, na ndiyo maana safari ya miji kadhaa ina faida. Atakayefika Unguja akale urojo alasiri, kisha baada ya magharibi aende Forodhani, ambako meza za wapishi hupangwa kando ya bahari na miwa husagwa hapo hapo mbele ya mnywaji. Atakayefika Lamu aulize mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Asiagize vilevile kila mahali, maana hapo angeweza kubaki kwao akala chapati.

"Na je, matumbo ya watoto?" akauliza dereva, na swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu kwa kanuni ambazo mama zetu hutufundisha: kula palipo na foleni ya wenyeji, kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako, kimbia kachumbari iliyokaa juani, na dafu likatwe ukiliona. Mwenye kufuata hayo atakula barabarani kwa salama kuliko anayekula chakula kilichowekwa juu ya meza za hoteli tangu adhuhuri hata usiku.

BAHARI NAYO INA SAA ZAKE

Jambo la pili ambalo ratiba ile ililisahau ni maji. Mtu wa Kitengela huamka akaiona milima ya Ngong mahali pake kila siku, na huamini bahari nayo ni hivyo hivyo. Hajui kwamba hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba saa zake husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Akifika wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Mombasa na Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne za asubuhi. Basi mgeni hunywa chai, huvaa nguo zake za kuogea, hushuka na watoto, na hukuta mwamba, mwani, na kina mama walioinama wakitafuta pweza. Bahari imekwenda mbali, naye ana hasira kama aliyeibiwa.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, hayaendi mbali, na watoto wataoga mpaka wachoke. Kwa hiyo mwenye watoto na aulize mwezi kabla ya kuuliza bei ya chumba. Mwenye kupenda kutembea juu ya mwamba aje wakati wa bamvua, lakini afuatane na mvuvi, maana maji yarudipo hayamngoji mtu. Na aangalie pia misimu: kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi, na bahari hiyo huwa na joto na utulivu, Aprili na Mei ni mvua za masika, kusi hufuata, upepo ni wa nguvu na bahari huchafuka, ingawa hewa ni baridi nzuri kwa kutembea mijini.

Haya kila mtoto wa Faza au Vanga anayajua bila kuwa na kitabu. Elimu hii ni mali, na sisi tumeiacha ikakaa bure kama shamba lisilolimwa.

MWEZI NA IBADA

La tatu ni kalenda yetu. Mgeni atakayekuja mchana wa Ramadhani kutafuta chakula cha mtaani atakuta majiko yamezima, na atanung'unika. Lakini lau angeambiwa mapema, angelala mchana na kutoka baada ya futari, akauona Mji wa Kale ulivyo kati ya tarawehe na daku, wakati ambapo hapana usiku katika mwaka unaoushinda kwa uchangamfu na kwa mapishi. Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, na kwa hesabu, mwaka 2030 itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Maana yake, msimu wa wageni wengi kutoka bara utakutana na mfungo. Tukikaa kimya patatokea ugomvi wa bure. Tukieleza mapema, patakuwa na wageni watakaoketi nasi mkekani wakafuturu.

Hali kadhalika maulidi ya Lamu, yanayohusishwa na jina la Habib Swaleh na Msikiti wa Riyadha, hufanyika Mfungo Sita. Mwaka 2026 Mfungo Sita unaangukia kati ya Agosti na Septemba, basi huenda ukagusa likizo ya shule. Mgeni akija kwa adabu, amejisitiri, akasimama pembeni kusikiliza matwari, hapana atakayemkataza. Lakini asiyeelezwa habari ya kujisitiri atapita Langoni na nguo za kuogea, wazee watanuna, vijana watamzomea, na kila upande utadhani mwenzake hana heshima.

SAFARI YA DUARA

Basi wakaniuliza, wewe ungepangaje? Nikawapa kanuni moja ya kwanza: miji isizidi mitatu, na kila mji usiku tatu. Mwenye kulala usiku mmoja kila mahali hutembelea viti vya basi. Kisha nikawaonyesha njia mbili, achague mtu moja.

Njia ya kwanza ni ya kaskazini. Wapande treni ya Madaraka, iliyoanza kubeba abiria 2017. Kutoka Kitengela kituo kikuu cha Syokimau si mbali, na treni ya asubuhi isimamayo njiani hupita Athi River, ambako ni karibu zaidi. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa imekuwa shilingi 1,500, na msimu wa Desemba tiketi huisha mapema. Walale Mombasa, waione Ngome ya Yesu iliyojengwa na Wareno tangu 1593. Kisha waende Malindi, na njiani washuke Gede, mji wa mawe uliohamwa ukamezwa na msitu, ambao 2024 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Wamalizie Lamu, iliyoingia katika orodha hiyo 2001, ambako gari huachwa Mokowe na mtu huvuka kwa mashua.

Njia ya pili ndiyo niipendayo mimi, kwa sababu ni duara. Washuke Mombasa kwa treni vilevile. Kisha waelekee kusini hadi Lunga Lunga, wavuke Horohoro, walale Tanga, wateremke Dar es Salaam na kuvuka kwa boti hadi Unguja. Warudipo wasirudi kwa njia waliyoendea, bali wapande Moshi na Arusha, waingie Kenya kwa Namanga, wapite Bissil na Kajiado hadi mlangoni kwao Kitengela. Pasi za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari kabla, wala wasingoje kuulizwa mpakani. Uzuri wa duara hii ni kwamba hapana mpaka wa lugha. Kiswahili cha sebuleni Kitengela kitawafikisha Forodhani na kuwarudisha, na kila kituo watajifunza neno jipya la chakula kile kile.

Mwalimu akafuta Diani na Lamu papo hapo. Mama mwenye duka la dawa akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo limenikaa. Alisema ana kijana wa jamaa zake auzaye shanga ufukweni kusini ya Mombasa, na jioni huruka ngoma hotelini mbele ya wageni. "Kule anaruka kila usiku," akasema. "Huku nyumbani haruki ila kuwe na sababu."

Sikuwa na la kumjibu ila kukiri kwamba yetu ni hayo hayo. Chakacha ilikuwa ya kina mama, ndani, wakati wa harusi, na leo huchezwa jukwaani mbele ya watu wanaotafuna. Mmaasai na Mswahili wamekutana katika ratiba ya hoteli, kila mmoja kaondolewa sababu yake akaachiwa mruko. Aliye na hamu ya utamaduni wa Wamaasai na asimame Bissil siku ya mnada wa mifugo, aone wazee wanavyompima ng'ombe kwa jicho na kukubaliana bei kwa maneno machache. Duara yetu hupita hapo, na watu wa Kitengela wengi hawajapata kushuka garini.

KWETU SISI WENYEJI

Sasa niwageukie ndugu zangu, maana lawama ya ratiba ile si ya aliyeiandika peke yake. Yeye aliandika anachokijua. Sisi tunaojua zaidi hatukuandika kitu.

Kwanza ni bei. Nimesimama mimi mwenyewe penye mkokoteni wa madafu nikasikia bei ikipanda mara mnunuzi alipofungua kinywa na kutoa Kiswahili cha bara. Dafu ni lile lile, mnazi ni ule ule. Sote tuliokaa chuoni tumeihifadhi Suratul Mutaffifin, sura inayoanza kwa kuwaonya wapunjao wenzao katika vipimo, na sijasikia mfasiri aliyesema kwamba mtu wa Kitengela kaachwa nje ya onyo hilo.

Tena si desturi yetu ya asili. Ibn Battuta alipopita mwambao huu 1331, alisimulia kwamba meli ilipotia nanga Mogadishu, vijana walitoka kwa vyombo vidogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mgeni huyo hakuuziwa wala kununuliwa kitu bila mwenyeji wake kuwapo, na biashara iliyomdhulumu ilihesabiwa kuwa si biashara. Alipofika Mombasa alilala usiku mmoja tu, akawasifu watu wake kwa dini na wema. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa mwambao, chakula kikitangulia, mwenyeji akisimama dhamana, ndipo biashara ifuate. Leo tumeupindua, na dhamana tumewaachia watu wa kuandika ratiba.

Pili ni usafi. Meza nyingi za chakula hazina maji ya kunawa, na mama mwenye watoto hana pa kuwapeleka haja. Kaunti zetu hutumia fedha kutangaza pwani nje. Choo safi na bomba la maji penye kila soko la jioni vingetangaza zaidi.

Tatu ni njia za kwenda baharini. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, imeiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Ufuo ni wetu sote, wa Bamburi na wa Bissil. Lakini ufuo ni wa umma na kichochoro cha kuufikia kimezibwa kwa ukuta, basi ni haki ya kutazamwa kwa mbali. Mvuvi huzunguka, mgeni asiyelala katika hoteli hiyo huzunguka, na mama muuza bhajia hana pa kuweka jiko lake. Jambo hili wazee wa mitaa walishike kwa kauli moja, mbele ya kaunti na mbele ya mahakama ikibidi.

Kuna wanaosema, tena ni watu wa kuheshimiwa, kwamba wageni wengi ni uchafu mwingi: ulevi, uchi, na watoto wetu kuharibika. Siwabezi. Nimeyaona. Lakini nimeona pia kwamba uchafu huo hustawi mahali ambapo mgeni hana mwenyeji, ambapo ukuta umemtenga na mji na hapana aliyemwambia la kufanya. Yule mama wa Kitengela hakuja kutafuta ulevi. Alitaka watoto wake waione bahari na wale muhogo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kumkirimu mgeni na akamwekea haki ya siku tatu. Mwenye kumkirimu mgeni ana kauli juu yake. Mwenye kumkimbia hana.

Wala tusisahau mafunzo ya karibu. Ghasia za Likoni na Kaya Bombo 1997, bomu la Kikambala 2002, machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, na maradhi ya korona 2020, kila mara wageni wa ng'ambo walitoweka, hoteli zikafunga, na watu wetu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Hali ilipotulia, aghalabu aliyetangulia kurudi ni huyu wa bara, na basi lake na godoro lake. Huyu ndiye tunayemwongezea bei ya dafu.

Napendekeza basi mambo machache, na hayahitaji waziri kukata utepe. Kila mtaa wenye soko la chakula uandike ubaoni majina ya vyakula, saa zake na bei moja kwa wote. Vijana wetu waliosoma madrasa na shule, wajuao historia ya misikiti na majumba, wapewe mafunzo na vitambulisho, wawe ndio waongozaji, badala ya kuwaachia wababaishaji wa vichochoroni. Familia zenye vyumba vya ziada zipokee familia, kwa masharti yao yaliyo wazi: hapa hapana pombe, hapa twajisitiri, hapa alfajiri utasikia adhana. Na ratiba za maji, za miezi yetu na za majiko zipelekwe Kitengela, Kajiado, Machakos na Nakuru kabla ya likizo, zikiwa zimeandikwa nasi.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi kwa sababu lagusa kiburi chetu. Sisi wa pwani hungojea kutembelewa. Nani kati yetu amepata kupanga likizo ya kwenda Kajiado? Nimekutana na watu wa Mombasa wanaoijua Muscat na Dubai, na hawajui kwamba Magadi ina ziwa lililo jeupe kwa chumvi, wala kwamba Olorgesailie, katika kaunti hiyo hiyo, yamelala ardhini mashoka ya mawe ya watu wa kale mno. Chakula halali utakipata, jirani mwema utampata, na bei ya nyama utakayotajiwa ndipo utakapojua ladha ya kuwa mgeni.

Mgeni ajapo kwetu, mpokee kwa imani,
Aonje chakula chetu, cha mtaani na pwani,
Bei isiwe ya mtu, ikapanda kwa mgeni,
Riziki haina kutu, ikitafutwa kwa dini.